Noki sensa kwenye injini isiyo na turbo: nimeshainunua, waya naupeleka wapi?

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Wakuu, habari za jukwaa.

Nina Corolla AE101, injini 4A-FE, gia za mkono. Mwaka jana ilichemsha karibu na Mikumi, hedi ikapinda, ikapelekwa mashine kuchongwa. Jamaa wa mashine aliniambia ametoa "kama pointi nane", yaani milimita 0.8. Ikafungwa gasketi mpya na taimingi belti mpya, ikawaka.

Kwa mizunguko ya Dar haina neno. Kasheshe ni safari ya Iringa. Nikianza kupanda Kitonga, watu wanne ndani na mizigo, gia ya tatu, nikikanyaga mafuta nasikia sauti kama mtu anamwaga kokoto kwenye debe. Nikiachia pedeli inakata papo hapo. Nikirudi gia ya pili inapungua sana.

Fundi wangu kasema dawa ni noki sensa, kile kidude cha kwenye bloku kinachosikiliza injini ikilia hivyo, kwa sababu injini yangu haikuja nayo. Nimeenda Shaurimoyo nimepata moja ya mtumba, ya waya mmoja, elfu 25. Yeye anataka tutoboe bloku, tuifunge, waya uende kontroli boksi (kompyuta ya injini). Nikamuuliza pini ipi? Akajibu "tutaitafuta". Hapo ndipo nilipoona bora nije hapa kwanza.

Kuna mtu kashawahi kuongeza hiki kidude kwenye injini isiyo na turbo kikafanya kazi?

mlalahoi_wa_Vitz

Yangu ilinoki bila sensa na mtaa mzima ulisikia. Nakaa hapa pembeni, ngoja waje wataalamu.

Babu Karakana

Kijana, kama imenoki acha kuhangaika na sensa. Tafuta injini nyingine au uiteremshe wabadilishe konrodi beringi na wachonge krenki. Ukiendelea kuipandisha Kitonga itatoboa bloku.

Dada Spana

Babu, shikamoo. Nadhani hapa tunachanganya vitu viwili kwa sababu neno ni moja. Gereji zetu tukisema gari imenoki tunamaanisha beringi za chini zimeisha. Ile sauti ni nzito, go-go-go, inatoka chini kwenye sampo, na ipo hata gari ikiwa imesimama ukiipa mafuta kidogo.

Ya mtoa mada ni nyingine kabisa. Ni nyepesi, kavu, inatoka juu, inakuja injini ikiwa imebeba mzigo na mzunguko uko chini, na mguu ukitoka tu nayo imeondoka. Huo ni mlipuko ndani ya silinda. Petroli na hewa vinatakiwa viungue kuanzia kwenye plagi kwenda pembeni, kama moto wa nyika unavyosogea. Sasa kile kilichobaki pembeni kikibanwa na kupashwa joto kupita kiasi kinalipuka chenyewe kabla moto haujakifika. Mshindo wake unadunda ukuta huu hadi ule, ndizo kokoto unazozisikia.

Noki sensa inasikiliza hiyo ya pili. Ya beringi hata ukifunga sensa kumi haikusaidii.

Babu Karakana

Marahaba mwanangu. Basi hapo nimekuelewa. Sisi hiyo ya kokoto tulikuwa tunasema gari "inalia plagi", na tulikuwa tunarudisha distributa (kile kinachogawa moto kwenye plagi) nyuma kidogo yanaisha. Hakukuwa na sensa.

Boost_Bila_Pesa

Mtoa mada umepigwa elfu 25. Noki sensa ni za gari za turbo. Gari ya kawaida haina presha ya kuihitaji, ndiyo maana Toyota hawakuiweka. Weka turbo kwanza 😂

Pini_52

@Boost_Bila_Pesa hapo umeteleza. Ni kweli zilianzia kwenye turbo: Buick waliweka kwenye V6 yao ya turbo mwaka 1978, na Saab wakaja na mfumo wao wa APC mwanzoni mwa miaka ya 1980. Lakini leo fungua IST, Vitz, Runx, yoyote yenye injini ya 1NZ au 1ZZ, utaikuta imekaa kwenye bloku, na hakuna turbo humo. 1NZ ina kompresheni ya 10.5, yaani hewa inabanwa mara kumi na nusu. Wameweza kufika huko kwa petroli ya kawaida kwa sababu ipo ile sensa inayoiambia kompyuta "hapa umezidisha, rudi nyuma". Mlipuko hauulizi kama una turbo. Unachouliza ni joto, mgandamizo, aina ya mafuta, na moto wa plagi umewahi kiasi gani.

Narudi kwa mtoa mada baadaye, niko juani na ninachoandika kinahitaji kukaa chini.

Wa Kirinyaga Road

Mimi niko Nairobi na nilikuwa na gari kama yako, AE101 manual. Hapa juu haikuwahi kugonga hata siku moja. Nikaipeleka Mombasa Desemba, mara tu nimeteremka Mariakani joto limeniingia, nikaanza kusikia hiyo kelele kila nikitoka roundabout. Makanika wa Mombasa akanicheka, akasema gari za Nairobi zote ziko hivyo zikifika pwani.

Baadaye nikaelewa. Nairobi tuko karibu mita 1,800 juu ya bahari, mgandamizo wa hewa ni kama asilimia 80 ya ule wa pwani. Injini haijazi silinda sawasawa, kwa hivyo hata ukiwa na timing mbaya inavumilia. Ukishuka pwani hewa inajaa na makosa yote yanajitokeza.

Dada Spana

Na Kitonga unaianzia bondeni kule Ruaha Mbuyuni, joto la mibuyu, halafu ghafla mzigo wote. Hakuna mtihani mkali kuliko huo kwa injini yenye kasoro ndogo.

Pini_52

Haya, nimekaa.

Mtoa mada, umenunua sikio lakini kichwa huna. Hiyo sensa ndani yake ni kijiwe cha umeme mgandamizo: kikitikiswa kinatoa volti ndogo. Kazi yake inaishia hapo. Lazima kuwe na saketi inayochuja ule mtikisiko, ikatenganisha mlipuko na kelele za valvu, pistoni na jenereta, halafu kuwe na kompyuta inayochelewesha moto. Kama boksi yako haikutengenezwa na saketi hiyo, pini tupu ni tundu la plastiki tu, nyuma yake mara nyingi hakuna hata waya kwenye bodi. Fundi "akiitafuta pini" atapata mojawapo ya mambo mawili: isiyofanya kitu, au inayoua boksi.

Sasa kuhusu masafa. Kila silinda ina sauti yake kulingana na upana wake. Hesabu ya haraka wanayotumia watu wa tuning: chukua 1,800, gawa kwa 3.14 mara kipenyo kwa milimita, jibu ni kilohezi. 4A-FE ina kipenyo cha 81, unapata kama 7.1. 1NZ yenye 75 unapata 7.6. Injini ya 3S yenye 86 ni kama 6.7. Sensa za zamani za waya mmoja zimetengenezwa zitetemeke sana kwenye masafa ya injini yake tu, kama kengele yenye noti moja. Kwa hiyo sensa ya injini nyingine kwako inaweza kuwa kiziwi nusu. Zile bapa zenye tundu katikati, ambazo boliti ya milimita 8 inapita, zinasikia masafa mapana, na ndizo watu hufunga kwenye miradi.

Lakini kabla hatujafika huko nina swali. 4A-FE ilitengenezewa petroli ya kawaida ya Japani, ambayo kwa kiwango chao inaanzia oktani 89 (oktani ni uwezo wa petroli kuvumilia kubanwa bila kulipuka). Injini ya namna hiyo ikiwa nzima haina sababu ya kulia Kitonga. Kwa hiyo swali si kwa nini haina sensa. Miaka yote hiyo ilipanda milima bila sensa. Swali ni nini kimebadilika, na umeshatuambia mwenyewe kwenye mstari wa pili: hedi na belti.

Hedi: kila silinda ni sisi (cc) 397 hivi, kompresheni ya kiwandani 9.5, kwa hiyo chumba kina kama sisi 46.7. Ukichonga 0.8 unaondoa karibu sisi 4. Piga hesabu upya, unakuja 10.2 au juu kidogo. Si mwisho wa dunia, 1NZ inaishi na zaidi ya hiyo, ila 1NZ ina sikio na wewe huna.

Belti: alipofunga, aliseti moto kwa kutumia nini?

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Alizungusha distributa huku ananiambia nikanyage mafuta, akasikiliza, akasema "hapo imekuwa nyepesi", akakaza.

Babu Karakana

😄😄 Na mimi ndivyo nilivyofundishwa. Ila sisi ilikuwa gari za platinamu, zisizo na kompyuta.

Pini_52

Basi tumeshakamata mwizi wa kwanza. Kwenye 4A-FE kompyuta ndiyo inayowahisha moto, wewe kwenye distributa unaweka msingi tu. Ukitaka kupima msingi, injini iwe imepata moto, fungua kile kiboksi cha daiagnosi kwenye injini, unganisha TE1 na E1 kwa kipande cha waya. Kompyuta inaacha kuchezea moto. Hapo piga taa ya taimingi kwenye puli, msomo uwe nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika juu. Bila kuunganisha hizo mbili unapima kitu kinachokimbia.

Nenda kapime, usiguse kitu kingine, urudi na namba.

mlalahoi_wa_Vitz

Wakati tunasubiri, naomba niulize yangu. Taa ya injini iliwaka, mashine ikasoma P0325, ambayo ni hiyo hiyo noki sensa. Fundi umeme akakata plagi yake akaunga kirezista, taa ikazima na gari ikarudisha nguvu. Kuna ubaya?

Dada Spana

Ulichofanyiwa ni kumdanganya mgonjwa presha yake ni nzuri. Hizi sensa bapa za Toyota zina rezista ndani, kilo-omu 120 hadi 280, na kompyuta huikagua ili ijue waya haujakatika. Mlivyoweka rezista ya nje, kompyuta inaamini sensa ipo na injini imenyamaza. Mwanzo ilipoiona haipo ilichelewesha moto kwa tahadhari, ndiyo maana ulipoteza nguvu. Sasa inawahisha inavyotaka na hakuna wa kuiambia hapana. Na wewe ndiye mwenye kompresheni ya 10.5. Nunua sensa, mkuu, na angalia waya wake kwanza, huwa unaliwa na panya au unakakamaa kwa joto chini ya manifodi.

mlalahoi_wa_Vitz

Duh. Ahsante. Nilikuja kuangalia mechi ya wengine nimepigwa bao mimi.

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Nimerudi. Nimeazima taa ya taimingi, nikaunganisha TE1 na E1 kama ulivyosema. Alama haikuonekana kwenye kipimo kabisa, ilikuwa imepita mbali. Tulipaka chaki upya tukakadiria: nyuzi 17 au 18.

Nimeirudisha 10. Gari imekuwa nzito kidogo ikitoka, siwezi kudanganya, ila jana nimepanda Pugu na watu watatu, gia ya nne makusudi, imelia mara moja tu, kidogo.

Na plagi nilizichomoa kama mlivyokuwa mnasisitiza kwenye uzi ule mwingine. Ya silinda ya tatu, kwenye ile kaure nyeupe, kuna vidoadoa vidogo vyeusi na vingine vinang'aa kama unga wa sufuria. Zile tatu nyingine ni kahawia safi.

Dada Spana

Unga wa sufuria ndiyo pistoni yenyewe hiyo, inachomoka kidogo kidogo. Umewahi. Mimi ninayo pistoni mezani ya mteja aliyesema "inalia kidogo tu, si mbaya": ukingo wake wa juu umeliwa kama ubao wenye mchwa, na kuta ya ringi ya pili imekatika kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Kipande chenyewe tulikikuta kimegandamana na hedi.

Kwa nini ya tatu pekee? Angalia injekta yake. Ikiziba kidogo silinda hiyo inapata mafuta haba, na joto lake linapanda kuliko wenzake.

Boost_Bila_Pesa

Na wese unajaza wapi? Usije ukahangaika na sensa kumbe unachanganyiwa mafuta ya taa.

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Kituo kile kile siku zote, na kokoto zilianza baada ya hedi. Zamani ile ya kuchakachua ilikuwa balaa kweli, tangu EWURA (wadhibiti wa mafuta) waanze kuweka vinasaba, alama za kutambua mafuta halali, mwaka 2010 kwangu sijaona tena. Injekta nitazipeleka zikasafishwe.

Thamostati pia nimegundua haipo. Fundi aliitoa siku ile ilipochemsha na hakunirudishia.

Pini_52

Rudisha thamostati, na weka kulanti, acha maji ya bomba. Hii ya kung'oa thamostati ni ugonjwa wa gereji zetu. Njia ya maji ya pembeni inabaki wazi, maji hayazunguki yalivyopangiwa, bondeni injini inachelewa kupata moto halafu mlimani inazidiwa.

Plagi shuka namba moja upande wa baridi. Kwa NGK namba ikipanda plagi ni ya baridi zaidi, kwa hiyo kama una 5 weka 6. Na kwa kuwa kompresheni imepanda, msingi wa moto unaweza kuuacha 8 badala ya 10. Utapoteza nguvu kiduchu ambayo hata hutaisikia.

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Sawa mkuu. Sasa ile elfu 25 yangu ndiyo imeenda?

Pini_52

Ndiyo nilikuwa nakuja hapo, maana uzi ni wa sensa.

Njia za kweli za kuipa injini kama yako sikio linalofanya kazi ni mbili. Ya kwanza ni kubadilisha kompyuta nzima, uweke ya kutunia yenye ingizo la noki, kama baadhi ya Link au MegaSquirt MS3Pro. Ndani yake kuna chipu za kazi hiyo, TPIC8101 ya Texas Instruments ni mojawapo maarufu. Zinafungua dirisha la kusikiliza kwa muda mfupi tu, kuanzia nyuzi kama 10 baada ya pistoni kufika juu mpaka 60 au 70, halafu zinafunga, kwa sababu mlipuko hauwezi kutokea wakati mwingine wowote. Ukisikiliza mzunguko mzima utaadhibu injini kwa kelele za valvu. Halafu lazima uirekodi kelele ya kawaida ya injini yako kwa kila mzunguko, 2,000, 3,000, 4,000, uweke mstari wa kikomo juu yake. Hiyo kazi ya kuweka mstari ndiyo ngumu kuliko kufunga.

Ya pili ni boksi la pembeni kama J&S SafeGuard, linakaa kati ya kompyuta na koili, linachelewesha moto lenyewe. Bei ya yote mawili ni kubwa kuliko inavyostahili gari ya kwendea Iringa.

Lakini kuna ya tatu ya watu wa hali ya chini, na ndiyo nakushauri. Ifunge hiyo sensa, isicheleweshe kitu, iwe ya kusikiliza tu. Usitoboe bloku! Tafuta tundu lenye nyuzi ambalo halitumiki, upande wa manifodi ya hewa, karibu na silinda ya pili na ya tatu, chonga adapta ya chuma kwa mtu wa lezi. Isikae kwenye breketi wala sampo, vyuma vyembamba vinaimba vyenyewe. Sehemu inapokaa ikwanguliwe rangi mpaka chuma, hakuna washa, hakuna siliconi. Ingekuwa bapa ningesema kaza Nm 20, hii ya kuzungusha usiitumie nguvu. Waya uwe wenye wavu, na wavu uushike upande mmoja tu, huku kwenye kifaa. Mwisho wa waya weka jeki ya maikrofoni, chomeka kwenye laptop, rekodi kwa programu ya Audacity huku mtu mwingine anaendesha. Halafu angalia kama kuna kitu kinaruka pale kwenye kilohezi 7.

Na weka mstari mmoja wa kulinganisha: rekodi kwanza njia tambarare bila mzigo.

Babu Karakana

Kuna njia ya nne. Chukua bomba la shaba la friji, ponda ncha moja iwe bapa, toboa, ifunge kwa boliti kwenye bloku. Ncha nyingine vuta mpira mpaka ndani ya gari, utie sikioni. Utasikia hata pistoni ikikohoa.

Pini_52

Babu, hiyo Wazungu wa mashindano wanaitumia mpaka leo. Haina programu na haihitaji chaji.

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Wakuu, mrejesho. Samahani kwa kuchelewa, nilikuwa nasubiri safari.

Injekta zimesafishwa, ya tatu kweli ilikuwa inatema upande. Thamostati imo, plagi ni 6, moto nimeuweka 8. Sensa nimeifunga kama ulivyoelekeza, adapta nimechongesha Gerezani. Shemeji yangu alikaa mbele na laptop mapajani tangu Mbuyuni mpaka Ilula, analalamika shingo.

Nilipanda mara mbili. Mara ya kwanza kistaarabu, gia ya pili: mstari umetulia. Nikageuza, nikashuka, nikapanda tena kwa ubishi, gia ya tatu, mafuta mpaka chini. Masikio yangu hayakusikia kitu. Shemeji naye hakusikia. Lakini kwenye rekodi kuna vijiti vitano, vyote karibu na 7.0, vyote kwenye ile kona yenye malori. 

Pini_52

Vijiti vitano kwenye kilima chote, gia isiyo yake, na kompresheni ya 10.2. Hiyo injini iko salama. Ungekuwa na kompyuta ya 1NZ ingechelewesha nyuzi mbili tatu kwa sekunde chache na wewe usingejua. Hapo kazi hiyo utaifanya kwa mguu: gia ya pili.

Boost_Bila_Pesa

Nakubali nimeelimika. Mtoa mada, sensa kama umemaliza kuitumia nakupa elfu 20, nina mradi wa Starlet.

Kitonga_Gia_Tatu (mtoa mada)

Ipo kwenye bloku mkuu, na itakaa huko huko. Ila shemeji anauza laptop.